Kupanga miji kwa nafasi hadharani: kunasafisha mazingira au kunasafisha takwimu?

#1 Kipimajoto

Wakuu, salaam.

Nina dai moja, mlivunje mkiweza. Orodha ya hadharani inayosema mji huu wa kwanza na ule unaburuza mkia inawasukuma viongozi wa serikali za mitaa kulinda mazingira kuliko faini, kuliko waraka, kuliko semina ya siku tatu.

Tazameni China. Mwaka 2013 wizara ya mazingira ya huko ilianza kutangaza kila mwezi miji kumi yenye hewa safi kuliko mingine na kumi yenye hewa chafu kuliko mingine, kati ya miji 74 iliyokuwa ikipimwa kwa viwango vipya. Katika hesabu ya mwaka huo mzima, saba kati ya kumi za mkiani zilikuwa za mkoa mmoja, Hebei: Xingtai, Shijiazhuang, Baoding, Handan, Hengshui, Tangshan na Langfang. Jiweke mahali pa kiongozi wa Xingtai. Mwezi hadi mwezi jina la mji wako linasomwa nchi nzima.

Matokeo? Beijing mwaka 2013 ilikuwa na wastani wa mikrogramu 89.5 za PM2.5, zile chembe laini zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Mwaka 2017 ilifika 58. Wizara yenyewe iliona orodha inafaa, maana 2018 iliipanua hadi miji 169, ishirini bora na ishirini za mwisho.

Faini inalipwa na mfuko wa halmashauri na hakuna anayejua. Nafasi ya mwisho ina sura ya mtu. Karibuni.

#2 Bint Hewa

Umeruka hatua, kaka. Septemba 2013 serikali kuu ya China ilitoa mpango wa taifa wa kupambana na hewa chafu, wenye malengo kabisa: eneo la Beijing, Tianjin na Hebei lipunguze PM2.5 kwa asilimia 25 ifikapo 2017, delta ya Yangtze asilimia 20, delta ya Mto Pearl asilimia 15. Beijing ikapewa na namba yake, ifike karibu na 60. Hiyo 58 uliyoileta ni lengo lililotimizwa. Viwanda vilifungwa, boila za makaa ya mawe ziling'olewa, fedha zikamwagwa.

Sasa utajuaje ni orodha iliyofanya kazi na si huo mpango? Vilikuja mwaka mmoja.

#3 Kipimajoto

Hoja nzito, nakubali. Lakini malengo ya mazingira yalikuwepo hata kabla ya 2013 na viongozi waliyakalia. Kilichoongezeka ni kwamba sasa kila mtu anaona nani kayatimiza na nani kayakalia.

#4 Karani Mstaafu

Nimefanya kazi idara ya mazingira ya manispaa moja kwa zaidi ya miaka ishirini. Sitaitaja, na waliokuwepo wataijua.

Waraka ukifika ulikuwa unagongwa muhuri, unaingia faili, faili linaingia kabati. Mwaka mmoja ikatoka orodha ya usafi ya mkoa, sisi wa mwisho. Tangazo lilitoka asubuhi, na kabla ya saa sita mchana mkurugenzi alikuwa ameshaitisha kikao. Sijawahi kuona kikao kile: hakuna chai, hakuna utangulizi, karatasi moja tu mezani yenye jina letu chini kabisa. Magari mawili ya taka yaliyokuwa yamelala gereji kwa miezi minane "kwa kukosa vipuri" yalitoka ndani ya wiki moja. Fedha zilipatikana wapi mpaka leo sijui, na mimi ndiye niliyekuwa naandika hati za malipo.

Kwa hiyo Kipimajoto hakosei. Kilichoamsha watu siku ile hakikuwa sheria. Sheria ilikuwa ileile.

#5 Shubiri

Karani umeeleza jinsi aibu inavyoamsha watu. Haiwaamshi kwenda kufanya kazi peke yake. Inawaamsha pia kwenda kuchezea mizani.

Xi'an, hukohuko China, mwaka 2016, maofisa wa mazingira waliziba vifaa vya kupimia hewa kwa pamba ili chembe zisiingie. Linfen hivyohivyo, na huko walikuwa wakimwagia maji vituo. Shizuishan wakamwagia maji kifaa mpaka kikaganda barafu. Hao ndio walinzi wa mazingira wenyewe! Mtu aliyepewa kazi ya kulinda mapafu ya watoto anaziba pua ya mashine.

#6 Fundi Sensa

Shubiri, nikuwekee sawa mambo mawili, maana visa hivi huchanganywa sana.

Shizuishan, Januari 2018: kilichoganda ni jengo zima la ofisi ya mazingira ya wilaya, ambalo ndilo lililobeba kituo cha kupimia. Gari la kurusha ukungu wa maji lilikuwa likilinyunyizia jengo ili kutuliza vumbi la pale pale, na kwa baridi ile maji yakaganda ukutani. Picha zilisambaa na ndizo zilizowafichua. Linfen nayo ilikuwa mchezo wa mwaka mzima, kuanzia Aprili 2017 hadi Machi 2018: vituo sita, zaidi ya mara mia moja. Watu 16 walihukumiwa. Xi'an walihukumiwa saba.

Mimi nimefunga na kuhudumia vituo vya hewa kwa miaka tisa. Anayeziba kwa pamba ni mshamba wa fani. Njia ya kistaarabu ni kuchagua mahali. Mara mbili nimeombwa nihamishe kituo kutoka makutano ya barabara nikipeleke ndani ya bustani, "kwa usalama dhidi ya wezi". Ukikihamisha hivyo hujavunja chochote, hujaziba chochote, na namba zinashuka siku hiyohiyo. Mara zote mbili nilikataa, mara ya pili nikakosa mkataba uliofuata.

Jambo muhimu ni nani ameshika kipimo. Mwaka 2016 serikali kuu ya China ilivitoa vituo 1,436 vya hewa mikononi mwa serikali za mitaa na kuvisimamia yenyewe. Na kabla ya hapo, walipofunga mitambo inayotuma takwimu moja kwa moja bila kupita mikononi mwa ofisa, watafiti waliolinganisha kabla na baada walikuta kiwango cha PM10, chembe kubwa kidogo kuliko PM2.5, kilichoripotiwa kimepanda ghafla kwa takriban asilimia 35. Hewa haikuchafuka usiku mmoja. Ukweli ndio uliofika.

#7 Mwanahesabu

Hiyo 35 niiongezee nyama. Kabla ya 2013 miji ya China ilihesabiwa "siku za anga la buluu", yaani siku ambazo kipimo cha uchafuzi hakikuvuka 100. Waliochora takwimu hizo waliona siku nyingi mno zimelala 96, 97, 99, na chache ajabu zimeangukia 101, 102. Hewa haijui 100 ni nini. Ni kalamu ya mtu ndiyo inayojua.

#8 Ndege Mweupe

Mwanahesabu leo umetema cheche 👏

#9 Mzee wa Dampo

Mnazungumza hewa tu. Taka haziwezi kuzibwa pamba, ama zipo ama hazipo. Twendeni India.

Kuna shindano la taifa la usafi wa miji linaitwa Swachh Survekshan. Indore imekuwa ya kwanza tangu lianze. Mji wenye watu kwa mamilioni! Waliondoa majalala mitaani, wakaanza kuchukua taka mlango kwa mlango, kila kaya inatenganisha taka kabla gari halijafika. Februari 2022 walifungua mtambo wa kugeuza taka mbichi kuwa gesi ya kuendeshea magari, unaomeza tani 550 kwa siku. Dampo la zamani walilichimba, wakalichekecha, wakalisafisha.

Nimefanya kazi ya dampo maisha yangu yote. Kutenganisha taka pale zinapozaliwa ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu haifanywi na mtambo, inafanywa na tabia ya mtu jikoni kwake. Ukifanikiwa hapo, yaliyobaki ni mahesabu ya magari. Na tabia hiyo Indore ilipatikana kwa fahari: wakazi walianza kusema "sisi ni namba moja" kama mashabiki wa timu. Hakuna faini inayoweza kukupa hilo.

#10 Bint Hewa

Mzee shikamoo. Sahihisho dogo: shindano lilianza 2016 na miji 73, wa kwanza ulikuwa Mysuru. Indore mwaka huo ilikuwa ya 25. Ilikamata uongozi 2017, shindano lilipopanuka hadi miji 434, na haikuuachia. 2023 iligawana nafasi na Surat.

#11 Mzee wa Dampo

Marahaba binti. Basi umenipa nguvu zaidi. Kutoka 25 hadi 1 kwa mwaka mmoja, na hiyo 25 ndiyo iliyowauma.

#12 Mwanahesabu

Au shindano limewafaa wale ambao tayari walikuwa na uwezo na nia, na orodha ikavaa sifa. Tujiulize kuhusu mji uliokuwa wa 300. Ukiwa wa 300 ukapanda hadi 280, nani atakupigia makofi? Aibu inamwangukia wa mwisho, sifa anapewa wa kwanza. Katikati kuna mamia ya miji ambayo hakuna gazeti linaloisoma. Tena watu wengi wanaishi humo katikati.

Kuna na tatizo la hesabu lenyewe. Nafasi si kiwango. Miji yote ikisafika kwa nusu, bado mmoja utakuwa wa mwisho. Yote ikioza, bado mmoja utapokea kikombe. Kwa hiyo mimi naona afadhali madaraja. Umoja wa Ulaya hupanga maeneo ya kuogelea, ya bahari na ya maziwa, kwa madaraja manne kutoka bora kabisa hadi duni, na eneo likikaa daraja duni miaka mitano mfululizo, watu wanapigwa marufuku au wanashauriwa moja kwa moja wasiogelee hapo. Hapo hushindani na jirani, unashindana na uchafu.

#13 Mto Mrefu

Nina mfano wa orodha isiyo na nafasi kabisa, ni kuwemo au kutokuwemo, na kwangu ndio mfano mzito kuliko yote iliyotajwa.

Brazili, Amazon. Desemba 2007 ilitolewa amri ya serikali, na Januari 2008 wizara ya mazingira ikachapisha majina ya manispaa 36 zinazoongoza kwa kukata msitu. Vyombo vya habari vikaiita orodha nyeusi. Na ili utoke masharti yaliandikwa wazi: ukataji wa mwaka ushuke chini ya kilomita za mraba 40, na asilimia 80 ya ardhi ya watu binafsi iwe imesajiliwa kwenye daftari la mazingira, mipaka ya kila shamba ikijulikana.

Paragominas, katika jimbo la Pará, ilikuwa mji wa wavuna magogo na wafugaji. Ilipoingia orodhani, meya, wafugaji, wenye viwanda vya mbao na vyama vya wafanyakazi walikaa pamoja wakaweka sahihi mapatano ya kuacha kukata. Watu waliokuwa wakitazamana kwa bunduki! Machi 2010 Paragominas ikawa manispaa ya kwanza kutoka. Mwaka uliofuata jimbo la Pará likaanzisha mpango wa manispaa za kijani kwa kuiga njia ile. Watafiti waliolinganisha manispaa zilizoandikwa na majirani zao ambazo hazikuandikwa walikuta zilizoandikwa zilipunguza ukataji zaidi.

Nikisoma habari hii moyo wangu unachangamka. Si mara nyingi unasikia msitu umepata nafuu kwa karatasi yenye majina 36.

#14 Bint Hewa

Karatasi ile ilikuwa na meno, Mto Mrefu. Mwaka uleule, 2008, masharti ya mikopo ya kilimo kwenye eneo la Amazon yalikazwa: huna hati za ardhi na za mazingira, benki haikukopeshi. Na kwenye manispaa zilizoandikwa ndiko wakaguzi walikoelekezwa, wakitumia picha za setilaiti, faini na kuzuia mashamba. Baadhi ya watafiti hao hao unaowasema wanahitimisha kwamba kilichofanya kazi zaidi ni ukaguzi ulioongezeka huko.

Wafugaji hawakuona aibu. Waliona mkopo unaondoka na mkaguzi anashuka.

#15 Mto Mrefu

Mkopo na mkaguzi vilikwenda kwa sababu ya orodha. Bila majina 36 wakaguzi wangetawanyika msitu mzima kama chumvi baharini. Orodha ni anwani.

#16 Karani Mstaafu

"Orodha ni anwani." Hili nalichukua.

#17 Shubiri

Bint Hewa na Mto Mrefu mtaoana mwisho wa uzi huu, sisi tutakula pilau.

#18 Bint Hewa

😂 Turudi kwenye mada, shemeji.

#19 Chongoe

Nauliza kama mgeni wa mambo haya. Je, kuna mtu amewahi kupima kwa kupiga kura? Yaani miji ichaguliwe kwa bahati nasibu, mingine itangazwe mingine isitangazwe, halafu uone. Maana kila mfano hapa kuna mtu anasema "ni kitu kingine hicho".

#20 Mwanahesabu

Swali zuri kuliko majibu yetu, Chongoe. Lipo jaribio.

China kuna asasi isiyo ya kiserikali, Taasisi ya Masuala ya Umma na Mazingira, iliyoanzishwa na Ma Jun mwaka 2006. Kwa miaka mingi imekuwa ikiipa miji alama kwa jinsi inavyoweka wazi taarifa za uchafuzi: viwanda vilivyovunja sheria, adhabu zilizotolewa, malalamiko ya wananchi. Walianza na miji 113. Baadaye watafiti walichukua miji 50 mingine, wakaigawa kwa bahati nasibu: 25 alama zake zikatangazwa, 25 hazikutangazwa. Iliyotangazwa ilitii kanuni za uwazi zaidi kuliko ile iliyoachwa kimya.

Na asasi haina mamlaka ya kumfukuza meya wala kumnyima mtu mkopo. Silaha yake ni kutangaza tu.

#21 Kipimajoto

Nimesubiri ujumbe huu tangu #2.

#22 Fundi Sensa

Usishangilie mapema. Walichopima ni utii wa kanuni za uwazi, yaani manispaa imechapisha taarifa au haijachapisha. Moshi haukupimwa hapo. Kupandisha taarifa kwenye tovuti ni kazi ya mtu mmoja na kompyuta. Kuzima tanuru la chuma lenye wafanyakazi elfu ni kazi nyingine kabisa.

#23 Ndege Mweupe

Kwa upande wa matokeo yenyewe, Marekani kuna kisa kinachokaribia. Marekebisho ya 1996 ya sheria ya maji ya kunywa yaliyataka mashirika ya maji yawape wateja ripoti ya kila mwaka: maji yenu yana nini, tumevunja kiwango gani. Makubwa yalitakiwa kuituma kwa posta hadi nyumbani. Utafiti wa jimbo la Massachusetts ulikuta yale yaliyolazimika kutuma yalipunguza makosa kwa kati ya asilimia 30 na 44. Kumbuka, hapo hakuna nafasi ya kwanza wala ya mwisho. Ni barua tu.

Kwa hiyo huenda hata si kupangwa kunakosukuma. Ni kuonekana.

#24 Mzee wa Dampo

Barua inasomwa na nani lakini? Watu wananyoosha mkono kuchukua kikombe, si kusoma jedwali la klorini.

#25 Ndege Mweupe

Mzee, inawezekana anayeisoma ni meneja wa maji mwenyewe, kabla hajaituma.

#26 Shubiri

Tukiwa kwenye vikombe: Indonesia kuna tuzo ya miji safi, Adipura, tangu 1986. Meya aliyeshinda anatembezwa mjini na kikombe chake. Meya mmoja wa Bekasi alifungwa, na miongoni mwa makosa yake ni hongo ya kuipata tuzo hiyo ya mwaka 2010. Fedha za umma zinanunua sifa ya usafi badala ya kununua usafi. Hilo linaniuma kuliko pamba ya Xi'an, maana pamba angalau ni bei rahisi.

#27 Nyuki Mmoja

Nasoma kimya tangu mwanzo, nimeona niandike.

Ninaishi nje kidogo ya mji ambao uliwahi kupanda sana kwenye orodha ya usafi. Mwaka uliopanda ndio mwaka malori yalianza kuja kwetu usiku. Wakaguzi walikagua kata za mjini, na sisi tuko hatua chache baada ya mpaka wa kata ya mwisho. Taka zilizokuwa zinaharibu alama zao zikaja kumwagwa kwenye bonde letu na kuchomwa. Mama yangu ana pumu. Kikombe kilipopokelewa, alikuwa amelazwa.

Sipingi mazuri mliyoyaeleza. Nauliza tu: kwenye hizo orodha, sisi wa upande wa pili wa mpaka tunahesabiwa kwenye mji gani?

#28 Bint Hewa

Pole sana Nyuki, na mama apate nafuu.

#29 Mzee wa Dampo

Pole mwanangu. Ulichokieleza nimekiona kwa macho yangu, na mimi nilikuwa upande wa wenye malori. Sikuwa na sauti ya kukataa wakati ule, ila nilijua tunachofanya. Kanuni ya kwanza ya dampo ni kwamba taka haipotei, inahama. Orodha ikipima barabara bila kupima lori linaishia wapi, inapima nusu ya kazi.

#30 Mto Mrefu

Mito nayo ni hivyo. Manispaa ya juu ikipimwa kwa maji yanayopita katikati ya mji, itaruhusu viwanda vijengwe kule chini karibu na mpaka, ambako maji yakitoka tu yanakuwa ya mwingine. Dawa niliyoiona ya maana ni kupima maji pale yanapovuka mpaka, ili kila manispaa iulizwe: umeyapokea yakoje, umeyaachia yakoje?

#31 Mwanahesabu

Kwenye hewa huwezi kuweka kipimo mpakani namna hiyo, upepo hauna mfereji. Na hapo ndipo ninapoihurumia miji saba ya Kipimajoto. Mingi ya Hebei imejibanza chini ya milima ya Taihang, hewa inatuama. Tazama sasa ya kileleni: Haikou iko kisiwani, upepo wa bahari unaifagia, na Lhasa iko juu milimani haina viwanda vizito. Ukiwapanga kwenye jedwali moja unapima jiografia, halafu unamwaibisha meya kwa milima. Angalau baadaye wizara ilianza kutaja pia miji iliyoboreka zaidi na iliyorudi nyuma zaidi. Hapo kila mtu anashindana na jana yake.

#32 Kipimajoto

Milima ilikuwepo 2013 na ilikuwepo 2017, mkuu, na bado hewa ilipungua uchafu. Milima haikuwazuia.

#33 Bint Hewa

Haikuwazuia, ila tusisahau gharama iliangukia nani. Msimu wa baridi wa 2017, wakikimbizana na lile lengo la mwisho wa mwaka, miji ya kaskazini ilipiga marufuku makaa ya mawe na kubadili joto la majumbani kuwa la gesi. Kuna sehemu makaa yalikatazwa kabla gesi haijafika. Katika kaunti ya Quyang, iliyo chini ya Baoding, mji wa mkiani kwenye orodha yako, wanafunzi wa shule ya msingi walisomea nje juani kwa sababu darasani kulikuwa na baridi kuliko nje. Desemba! Wizara ililazimika kuruhusu makaa tena mahali ambako gesi haikuwa imefika.

Ukimbana kiongozi kwa namba moja, atakupa namba hiyo. Yote ambayo hukuyaweka kwenye namba ndiyo atakayoyauza kuilipia.

#34 Karani Mstaafu

Kweli tupu. Kwetu alama nyingi zilitoka kwenye barabara kuu na soko. Kwa hiyo tulifagia barabara kuu mara tatu kwa siku, na mfereji wa majitaka nyuma ya hospitali ukakaa wazi miaka miwili. Haukuwa na kisanduku kwenye fomu.

#35 Chongoe

Sasa mimi nimechanganyikiwa zaidi kuliko nilipokuja. Aibu, cheo, mkopo, mkaguzi, fahari ya wakazi, barua. Kipi?

#36 Kipimajoto

Mimi bado nasema aibu, ila baada ya Fundi na Nyuki naongeza: aibu inayopimwa na mtu baki. Mwaka 2008 ubalozi wa Marekani uliweka kifaa kimoja juu ya paa lake Beijing, ukawa unatangaza PM2.5 saa kwa saa. Kifaa kimoja! Hakikuwa na mamlaka juu ya kiwanda chochote, lakini mwenye simu aliweza kulinganisha namba ile na kauli ya ofisa.

#37 Bint Hewa

Na mimi bado nasema cheo na fedha. China kiongozi wa mji hachaguliwi na wanaovuta hewa hiyo, anapandishwa na walio juu yake. Orodha ikitangazwa, anayeogopwa ni bosi aliyeisoma. Ukiihamishia mahali ambapo bosi hajali au mpiga kura hana chaguo, itakuwa karatasi.

#38 Mto Mrefu

Nansana, Uganda, watafiti walishindanisha mitaa ya mji kupunguza uchomaji wa taka, matokeo yakawa yanatangazwa kwa wakazi wenyewe, na uchomaji ukapungua. Viongozi wa mitaa wale walikuwa wakiangaliwa na majirani tu. Bosi hakuwepo kwenye hesabu.

#39 Bint Hewa

Hiyo sijaisoma kwa kina. Nitaitafuta, nirudi.

#40 Fundi Sensa

Kabla uzi haujahama, Karani nina swali la tangu #4. Yale magari mawili yaliyotoka gereji wiki ile, yaliendelea kufanya kazi?

#41 Karani Mstaafu

Moja lilikuwa barabarani mpaka ninastaafu, dereva wake alilipenda kama mtoto. La pili lilirudi gereji mwaka uliofuata. Mwaka huo tulikuwa tumepanda hadi nafasi ya tano.